Nafaka ya Kuchachusha kwa Kuku wa Kienyeji: Tuliyoyaona Matogoro Msimu kwa Msimu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili, Matogoro, Songea. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

 

Tumepewa nusu saa tueleze shughuli ya kuwalisha kuku wa kienyeji nafaka iliyochachushwa, ambayo vikundi vya hapa vimeifanya kwa misimu kadhaa sasa. Wajumbe wa kamati wanataka kujua kama jambo hili linafaa kupelekwa kwenye sharika nyingine. Wageni wetu wanataka kujua fedha yao ya ndoo, ya matenga na ya mafunzo imezaa nini. Maswali yote mawili ni ya haki. Tutayajibu, ingawa majibu yetu si mazuri yote. Kuna mambo mawili tuliyokosea. La kwanza liligharimu vifaranga wa watu, na la pili nusura litugharimu uaminifu wetu kwenu. Yote mawili tutayasema hapa hapa, kwa kuwa waliohusika wamo humu ndani.

Tuanze na jambo lenyewe, maana asubuhi mgeni mmoja aliinua kifuniko cha ndoo nyuma ya jiko, akanusa, akatuuliza kwa upole kama kanisa linapika pombe.

Kuchachusha nafaka si teknolojia tuliyoileta sisi. Kina mama wengi wa huku kusini hukoboa mahindi, wakayaloweka siku mbili tatu hadi yanukie uchachu, ndipo wakayaosha, wakayaanika na kuyasaga ili wapate ufa mweupe na laini. Maji yale ya kuloweka humwagwa uani, na kila mama aliyekulia Songea anajua nani hufika kwanza kwenye yale maji na zile chenga zilizodondoka: ni kuku. Togwa nayo ni uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi ukaachwa uchache. Kwa hiyo tulichofanya ni kuchukua ujuzi uliokuwa jikoni na kuusogeza hadi bandani kwa utaratibu, kwa vipimo, na kwa kuangalia majira ya mwaka.

Hata hivyo swali la pombe lilitusumbua sana mwanzoni, na tunalitaja kwa sababu litawasumbua na ninyi mkirudi kwenye sharika zenu. Kikundi kimoja cha kina mama kilikataa kabisa. Walisema hawawezi kutoa kuku aliyeleweshwa akapigwa mnada baada ya ibada ya mavuno. Tulieleza habari za bakteria, tukaona macho yanatutazama tu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kanisa. Aliomba kijiko, akaonja maji ya ndoo, akatafakari kidogo, akasema, "Hii ni togwa iliyochelewa." Kikao kikaisha hapo.

Alichosema mzee ndicho wanachosema na wataalamu, kwa lugha nyingine. Nafaka ikilowekwa na kufunikwa na maji, bakteria wanaoishi juu ya punje zenyewe huanza kula sukari na kutoa asidi ya maziwa, ile ile inayofanya mtindi uwe mkali. Pombe ni kazi ya hamira, na hamira hupata nafasi zaidi mchanganyiko ukiachwa siku nyingi kwenye joto. Ndoo yetu ya siku mbili au tatu ina uchachu mwingi na kilevi kidogo mno. Ya wiki nzima mwezi wa Oktoba ni habari nyingine, na hiyo hatuitetei. Vivyo hivyo machicha ya komoni. Wengi mnayamwaga nje na kuku wanayagombania, nanyi mmewahi kuona jogoo anayewika saa nane mchana huku amelala ubavu. Machicha ni chakula kizuri yakikamuliwa, yakaanikwa vizuri na kuchanganywa kidogo kidogo, ila yakitoka moja kwa moja kwenye pipa si chakula cha kifaranga.

Sasa faida yake ni nini? Punje ya mahindi, ya mtama au ya ulezi hubeba madini ya fosforasi, chuma na zinki, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa asidi ya fitiki, ambacho tumbo la kuku haliwezi kukifungua vizuri. Uchachu huamsha vimeng'enya vya punje yenyewe, navyo hulegeza kifungo hicho. Pili, ule ukali hushusha kipimo cha pH hadi karibu 4 au 4.5, mahali ambapo vimelea vingi vya kuhara havistawi. Hili la pili Watanzania wamelichunguza kwa watoto kabla sisi hatujafikiria kuku. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha mwaka 1994 kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa hawakupata kuhara mara nyingi kama wale waliokunywa uji wa kawaida. Kwa upande wa kuku, watafiti wa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kuwa chakula kilichochachushwa hupunguza maambukizi ya salmonela. Na watafiti wa Denmark mwaka 2009 waliwalisha kuku wa mayai chakula cha namna hiyo, wakaona mayai yanakuwa mazito kidogo, ganda linakuwa gumu zaidi, na chakula kinachotumika kwa kila kilo ya mayai kinapungua.

Tunaomba mtege sikio hapo. Hao wa Denmark hawakuona idadi ya mayai ikiongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia kwenye sharika jirani kuwa "Matogoro kuna ndoo ya kufanya kuku atage kila siku." Ndoo hiyo haipo. Kuku wa kienyeji anayejitafutia mwenyewe hutaga kama mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa sababu ya asili yake, kwa sababu hukatisha utagaji ili aatamie na kulea, na kwa sababu chakula anachookota hakitoshi. Ndoo inagusa hilo la mwisho tu, nalo kwa sehemu.

Tena nafaka, hata ikichacha vizuri namna gani, inabaki nafaka. Mahindi yana protini kama asilimia 8 au 9. Kuku anayetaga anahitaji kama 16, na kifaranga zaidi ya hapo. Kuchachusha hakuumbi protini ambayo haikuwamo. Kaya zilizonufaika hapa ni zile zilizoongeza kitu kando ya ndoo: mashudu ya alizeti, vichwa vya dagaa wa Ziwa Nyasa, mchwa wanaokusanywa kwa chungu kilichojazwa mabua na samadi na kufunikwa juu ya kichuguu, na soya. Soya mkoa wetu unaijua vizuri, ila ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwani ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa tumboni. Majani ya mchicha pori na ya viazi hayagharimu kitu. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa yasitupwe, kuku anayetaga anahitaji chokaa.

Namna ya kufanya tutaisema kwa ufupi, kina mama watawaonyesha wenyewe baadaye. Tunatumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko au chungu. Debe la bati halifai, uchachu hula madini ya bati na kuyaingiza kwenye chakula. Mahindi yanaparazwa mashineni yawe chenga, kwa sababu punje nzima kifaranga haimezi. Tunachanganya chenga na pumba nusu kwa nusu, hatuzidishi nusu ya ndoo, kisha tunatia maji mpaka yapite juu ya nafaka kwa vidole vinne. Nafaka hunywa maji ikavimba, hivyo kesho yake maji huongezwa. Koroga asubuhi na jioni. Funika kwa kitambaa, au mfuniko usiobana, hewa ya ndani ipate kutoka. Ikiwa tayari itanuka kama uji mchachu, na utaona viputo vikipanda. Utando mwembamba mweupe juu ya maji hauna neno, uondoe kwa kijiko. Lakini ukiona manyoya manyoya ya kijani, meusi au ya rangi ya waridi, au harufu ya uozo, chimba shimo ufukie yote. Usimpe hata nguruwe. Wala usimwage kwenye korongo: tukumbuke kuwa milima hii ndiyo inayozaa Mto Ruvuma, na watu wa mjini wanakunywa maji yanayotoka huku juu kwetu.

Kabla ya kulisha, bakiza kikombe kimoja cha maji yale machachu, ukitie kwenye ndoo inayofuata. Kinafanya kazi ya mbegu, na ndoo mpya huwahi. Kuku kumi wanaozurura mchana wapewe kama nusu kilo ya nafaka, iliyopimwa ikiwa kavu kabla ya kulowekwa, nusu asubuhi na nusu jioni wanaporudi bandani. Watakachoacha baada ya nusu saa kiondolewe. Maji safi ya kunywa yawepo siku zote, kwa sababu unyevu wa chakula hauchukui nafasi ya maji.

Hayo ni rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye majira, nasi tulikuja na kipeperushi kimoja kilichosema "siku tatu" kana kwamba Januari na Julai ni mwezi mmoja.

Tulianza baada ya mavuno, mwezi wa Juni. Mahindi yapo, watu wana furaha, ghala zimejaa. Lakini baridi ya Juni na Julai hapa Matogoro wageni wetu hamjaiona. Siku ya tatu tulipopita kukagua, ndoo zilikuwa kama zilivyolowekwa: maji baridi, chenga chini, hakuna hata kiputo. Kina mama wawili walikuwa wameshaimwaga wakidhani wamekosea. Ilibidi tujifunze kwao. Mmoja alisogeza ndoo yake karibu na mafiga usiku baada ya kupika, akaizungushia gunia. Yake ilichacha siku ya nne. Mwingine alitumia maji ya vuguvugu na kimea kidogo cha ulezi, kama anavyofanya togwa, ikawahi zaidi. Tangu hapo tunasema siku nne hadi tano wakati wa baridi, ukiwa na maji ya mbegu pungufu kidogo. Na hapo ndipo ilipoonekana kuwa ndoo mbili kwa kaya, kama bajeti yetu ilivyosema, hazitoshi. Ukilisha moja na nyingine haijaiva, kuku hukaa siku mbili bila kitu. Ndoo ya tatu haikuwa anasa, ingawa tulipoiomba baadhi yenu mlishangaa.

Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza, mambo hugeuka. Jua kali, majani yamekauka, wadudu wamejificha ardhini. Hiki ndicho kipindi ambacho kuku anayezurura anashinda na njaa, na kwa maoni yetu ndicho kipindi ambacho ndoo inastahili taabu yake kuliko vingine vyote. Chakula laini chenye maji, kuku hukikimbilia. Siku mbili zinatosha, na ndoo ikae kivulini. Ikipita siku ya tatu huanza kunuka pombe na kina mama hao hao waliokataa mwanzo watakuambia.

Halafu masika. Hapa ndipo tulipoumia.

Mvua zikianza Novemba au Desemba, kumbikumbi wanaruka, majani yapo, kuku wanashiba nje. Ndoo haina haja kubwa hapo. Lakini kufikia Januari na Februari ndani ya nyumba nyingi mahindi yamebaki kidogo, na yaliyobaki yamekaa kwenye unyevu. Kipeperushi chetu kilikuwa na sentensi moja tuliyoiandika ofisini, kwa nia njema kabisa, ili tusionekane tunawapa kuku chakula cha binadamu. Kilisema: "Tumia nafaka ambayo familia haiwezi kula." Sisi tulimaanisha chenga, pumba, punje zilizovunjika. Mama aliyesoma alielewa kama ambavyo ninyi nyote mngeelewa: mahindi yaliyooza.

Akachukua mahindi yaliyopata ukungu pembeni ya kihenge, akayaloweka kama tulivyomfundisha. Alifuata kila hatua, ndoo ilichacha vizuri, ikanukia vizuri. Akawapa vifaranga. Ndani ya wiki moja walikuwa wamezubaa, mbawa zimeshuka, hawali, na wengi wakafa. Koo mwenyewe alipona lakini aliacha kutaga. Tulipoitwa tulikuta amewafukia wote chini ya mgomba na amewawekea alama, maana alitaka tuwahesabu. Hatukupeleka sampuli maabara, kwa hiyo hatuwezi kuapa mbele yenu kuwa ilikuwa sumukuvu. Lakini tulipoyaona yale mahindi hatukuhitaji maabara kujua kwamba hayakupaswa kuliwa na kiumbe chochote, na kwamba maneno yaliyomfanya ayatumie yalikuwa yetu.

Sumukuvu ni sumu inayotolewa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga zisizokauka. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo: wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki. Kupika hakuiondoi. Kuchachusha nako si dawa ya kutegemea, na kwa kweli uchachu unaweza kumdanganya mtu, kwa kuwa unafunika ile harufu ya ukungu ambayo ingemwonya. Kuku huumia ini, bata huumia zaidi, na mabaki ya sumu huweza kufika kwenye ini na mayai tunayokula sisi. Kwa hiyo kanuni yetu sasa ni nyingine kabisa: kama wewe mwenyewe usingeyasaga ukala, kuku wako asipewe. Kipeperushi cha zamani tulikikusanya nyumba kwa nyumba. Kama kuna usharika una nakala, tafadhali ichomeni. Na mama yule tulimrudishia vifaranga kutoka kwenye mfuko wa ofisi, si kwenye fedha ya mradi, ili wageni msiwe na shaka.

Tukiwa hapo kwenye mahindi, kuna onyo jingine la mwezi wa Desemba. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi zikibaki baada ya kupanda, mtu asithubutu kuziloweka kwa kuwa "zinaoshwa." Haziosheki. Mahindi yaliyochanganywa na dawa ya ghala nayo yasubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Wale walioanza kutumia mifuko isiyopitisha hewa wamejitoa kwenye tatizo hilo, maana hawahitaji dawa, ila mahindi lazima yakauke vizuri kabla ya kufungiwa.

Kosa la pili ni letu peke yetu, halihusu mama yeyote.

Katika taarifa tuliyowapelekea wafadhili baada ya mwaka wa kwanza tuliandika kuwa vifo vya kuku katika vikundi vimepungua sana "kutokana na matumizi ya nafaka iliyochachushwa." Vifo vilikuwa vimepungua kweli. Lakini katika miezi ile ile mtaalamu wa mifugo wa kata, pamoja na wahudumu tuliowafundisha, walikuwa wameanza kuchanja mdondo katika vikundi hivyo hivyo. Tulijua. Tuliandika sentensi ile kwa sababu mradi uliitwa mradi wa lishe ya kuku, na safu ya matokeo kwenye fomu ilisubiri matokeo ya lishe.

Ndugu zetu, mdondo ni ugonjwa wa virusi. Hapa kwetu huja hasa wakati wa joto kabla ya mvua na mwanzoni mwa mvua, na ukiingia kijijini huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Hakuna ndoo inayouzuia. Kinachouzuia ni chanjo. Ile ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme na ambayo inatengenezwa hapa hapa nchini, hutolewa tone moja jichoni, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini bado iwekwe mahali pa baridi na isikae juani. Tukitazama kwa haki, sehemu kubwa ya kuku waliopona walipona kwa lile tone. Kwamba ndoo imesaidia vifaranga kuhara kidogo na kuku kupita kiangazi wakiwa na mwili, hilo tunaliamini, kina mama wanalisema na macho yetu yameona. Lakini hatukutenga kaya za kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kuwapa asilimia. Tumewaandikia barua ya kusahihisha taarifa ile. Kama kuna mjumbe ambaye ofisi yake haijaipata, nakala zipo mezani pale mbele.

Kuna aliyetuuliza kama kusema hivi hakutapunguza msaada. Inawezekana. Tumeona afadhali msaada upungue kwa sababu ya ukweli kuliko usharika wa Mbinga au Namtumbo ununue ndoo badala ya chanjo, kisha Oktoba wazike kuku wote. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu aanze na chanjo. Akibakiwa na kitu, banda lenye mlango unaofungika dhidi ya kicheche, na tenga la kuwafunikia vifaranga mwewe asiwachukue. Ndoo inakuja baada ya hayo.

Limebaki swali la chakula cha watu. Liliulizwa na mgeni wetu mmoja, lakini kabla yake liliulizwa hapa na bibi mmoja ambaye alikataa kupewa ndoo. Alisema, "Wanangu, mwezi wa pili mimi natafuta debe la mahindi la kukopa, ninyi mnaniambia niloweke ya kuku?" Mkoa wa Ruvuma ni ghala la taifa, hilo ni kweli. Mwaka 2017 mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka hadi wakulima wakaona bora kumlisha kuku kuliko kuyauza, na wakati ule ndoo ingekuwa hesabu nzuri sana. Lakini ghala la taifa na kihenge cha bibi ni vitu viwili tofauti. Kaya ambayo mahindi yake hayafiki mavuno mengine haipaswi kulowesha punje hata moja ya chakula kati ya Januari na Machi, na sisi hatuna ujasiri wa kuishauri vinginevyo.

Baada ya bibi yule tulibadilisha utaratibu. Kwa miezi hiyo mitatu ndoo hupumzika au hupokea pumba tupu, ambayo mashine za hapa huiuza kwa bei ndogo na nyingine humwagwa tu. Pumba peke yake huchacha vizuri, hata haraka kuliko chenga, ila huganda kama matope, hivyo ikorogwe mara nyingi zaidi na ilishwe siku ile ile. Nje kuna majani na wadudu wa kutosha kufidia. Wale wenye ulezi mwingi wamejaribu kuuotesha badala ya kuuchachusha, na kuku wameupenda. Mtama tunaomba msiuoteshe kwa ajili ya kuku. Miche yake michanga ina sumu. Bibi mwenyewe sasa ana ndoo ya pumba. Chenga bado hataki, nasi tumeacha kumshawishi.

Kuhusu kupeleka shughuli hii kwenye sharika nyingine, pendekezo letu kwa kamati ni hili. Usharika ambao tayari una mchanjaji anayefanya kazi, si aliyefundishwa tu akaondoka, upewe mafunzo ya ndoo kuanzia Agosti ili watu wawe na mazoea kabla ya kiangazi kikali. Usharika usio na mchanjaji usubiri, na fedha yake ya ndoo ihamishiwe kwenye chanjo. Mafunzo yatolewe na kina mama wa hapa, kwa kuwa wanajua baridi ya Julai kuliko kipeperushi. Tungependa pia safari hii kila kikundi kiwe na daftari moja: vifaranga walioanguliwa, waliokufa, waliouzwa, na tarehe ya chanjo. Daftari la shule la kawaida linatosha. Wageni wetu wakiridhia, nusu ya kaya zianze ndoo Septemba na nusu zisubiri hadi mwaka unaofuata, wote wakiwa wamechanjiwa. Hapo ndipo tutaweza kuwaambia ndoo imefanya nini. Tunajua kusubiri kunauma, na kina mama watakaosubiri wameomba wapewe matenga kwanza. Tumeona ombi hilo ni la haki.

Kwa wajumbe wa Matogoro, duru ijayo ya chanjo tutaitangaza kanisani wiki moja kabla. Tafadhali wafungieni kuku tangu jioni. Safari iliyopita tulikimbizana na majogoo hadi saa nne asubuhi, na nusu ya chupa ikatushinda kwa kuwa chanjo ikishachanganywa haingoji mtu.